Yasuke, Mwafrika wa nyumba ya Nobunaga: miezi 15 ya kweli na mchezo wa video uliobuni yaliyobaki

Tarehe 20 mwezi wa tatu 2025, kampuni ya Ufaransa Ubisoft ilitoa mchezo wa video Assassin's Creed Shadows, wenye kusimulia vita vya Japani katika karne ya 16. Mmoja kati ya mashujaa wake wawili ni mwanaume Mwafrika, mrefu, mwenye kuvaa mavazi ya vita ya samurai. Vijana wengi wanaomwongoza kwenye skrini wanafikiri ni mtu wa kubuni. Kumbe Yasuke aliishi kweli. Alikula posho ya bwana aliyekuwa na nguvu kupita wote Japani, na alipigana siku ile bwana huyo alipoangushwa na mtu wake mwenyewe. Lakini maandishi ya wakati ule yanamwona kwa muda wa miezi 15 hivi, tangu mwezi wa tatu 1581 mpaka mwezi wa sita 1582. Kabla ya hapo, karibu hakuna kitu. Baada ya hapo, kimya.

Mchezo umejaza kimya hicho kwa panga na damu. Ili kujua umefanya vizuri ao vibaya, inafaa kwanza kufuata maisha ya mtu mwenyewe, hatua kwa hatua, kadiri maandishi yanavyoruhusu.

Alikotoka

Yasuke alifika Japani mwaka wa 1579 pamoja na padri Muitalia, Alessandro Valignano. Huyu alizaliwa Chieti mwaka wa 1539 na alikuwa mjumbe mkubwa wa Wajezuiti, akitumwa kukagua misioni zao zote za Asia. Wakaaji wa Bukavu wanalijua shirika hilo: ndilo lililoanzisha shule ya Alfajiri. Katika karne ya 16 mapadri wake walisafiri kwa meli za Wareno, na meli hizo zilibeba pia hariri, fedha, bunduki na watumwa.

Valignano aliondoka Lisbon mwaka wa 1574, akapitia kisiwa cha Msumbiji, na akafika Goa, India. Kisiwa hicho kilikuwa na wakaaji Waswahili mbele ya Wareno kujenga ngome yao hapo. Mwaka wa 1627, Mujezuiti Mfaransa François Solier aliandika kwamba Mwafrika aliyemfuata Valignano mpaka Japani alitoka Msumbiji. Ni andishi moja tu, na lilitoka zaidi ya miaka 40 baada ya mambo yenyewe. Kwa hiyo wako wanahistoria wanaomfanya Mmakua wa kaskazini ya Msumbiji. Wengine wanafikiri alitoka upande wa Ethiopia, kwa sababu wanaume wengi wa huko walipelekwa India kama watumwa na kufanywa askari. Hakuna aliyemaliza ubishi huo.

Umri wake unajulikana kwa kukadiria. Mwandishi Mjapani aliyemwona mwaka wa 1581 alimhesabia miaka 26 ao 27, maana yake alizaliwa karibu na mwaka wa 1555. Jina ambalo mama yake alimpa halikuandikwa popote. Yasuke ni jina la Kijapani. Hata hali yake mbele ya Valignano haikuelezwa wazi. Wengi wanaamini alinunuliwa kama mtumwa, kiisha akawa mtumishi na mlinzi wa padri katika safari zenye hatari.

Inchi ya mabwana wa vita

Japani aliyoikuta ilikuwa imepasuka vipande. Mfalme alikuwako Kyoto, lakini kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyemsikiliza kweli. Kila bwana wa jimbo alikuwa na ngome yake, askari wake na ushuru wake. Mkulima aliweza kulima chini ya bwana mmoja na kuvuna chini ya mwingine. Bunduki zilikuwa zimeingia mwaka wa 1543, pale Wareno walipofika kisiwa cha Tanegashima, na ndani ya miaka michache mafundi Wajapani walijua kuzitengeneza wao wenyewe.

Katika fujo hiyo alisimama Oda Nobunaga. Alizaliwa mwaka wa 1534 katika jimbo la Owari, kwa ukoo ambao haukuwa kati ya mikubwa. Mwaka wa 1560, kule Okehazama, aliangusha jeshi kubwa kupita lake mara nyingi. Mwaka wa 1568 aliingia Kyoto. Mwaka wa 1571 aliteketeza hekalu za mlima Hiei kwa sababu watawa wake walisaidia adui zake, na watu wengi waliuawa humo, hata wasiobeba silaha. Mwaka wa 1575, kule Nagashino, bunduki zake zilivunja wapanda farasi wa Takeda. Kwa adui alikuwa mtu wa kuogopesha. Lakini alipenda vitu vipya na watu wageni, na mapadri Wazungu walipata kwake ruhusa ya kuhubiri. Ndiyo sababu Valignano alitaka kumwona uso kwa uso, na ndiyo namna Yasuke aliingia katika historia.

Kyoto, mwezi wa tatu 1581

Valignano na watu wake walifika Kyoto mwezi wa tatu 1581. Habari ilitembea mbio: kwenye nyumba ya mapadri kuna mtu mweusi, mrefu kupita watu wote wa muji. Watu walijaa barabarani. Barua ya padri Mreno Luís Fróis inaeleza kwamba mlango wa nyumba ulivunjwa, mawe yakarushwa, wengine wakaumia vibaya. Wote walitaka kumwona, na wako waliosema kwamba kumwonyesha kwa malipo kungeleta feza nyingi kwa muda mfupi.

Makelele hayo yalifika kwa Nobunaga. Aliagiza mgeni huyo aletwe kwake, na tarehe 27 ya mwezi ule Yasuke alisimama mbele yake. Nobunaga hakuamini kwamba rangi ile ni ya ngozi. Aliona labda ni wino. Aliamuru avue nguo mpaka kiunoni na asuguliwe. Rangi haikutoka. Nobunaga alishangaa, akawaita na watoto wake waje kuona, na mtoto wa ndugu yake akampa mgeni sarafu 10,000.

Ni vigumu kusoma jambo hilo bila kuona aibu iliyokuwamo: mtu mzima anavuliwa nguo na kusuguliwa kama sufuria mbele ya nyumba nzima. Lakini kilichofuata ndicho kilichofanya Yasuke akumbukwe. Nobunaga hakumrudisha. Valignano alipomaliza ziara yake na kwenda zake, Mwafrika alibaki katika nyumba ya Oda.

Nyumba, posho na upanga

Kitabu cha maisha ya Nobunaga, kilichoandikwa na Ōta Gyūichi, mmoja wa watumishi wake, kinamtaja Yasuke kama kijana mwenye afya na tabia nzuri, mwenye nguvu kupita wanaume 10. Nakala moja ya kitabu hicho inaongeza mambo matatu yenye uzito: alipewa posho, akapewa nyumba, akapewa upanga mfupi uliopambwa. Inasema tena kwamba mara na mara alibeba vifaa vya bwana wake, na wasomaji wengi wanaelewa kwamba ni silaha. Mtu anayetembea karibu na bwana wa vita akishika silaha zake ni mtu anayeaminiwa, maana hakuna aliye na nafasi nzuri kuliko yeye ya kumuua.

Barua nyingine, ya padri Lourenço Mexia, ya mwezi wa kumi 1581, inaongeza picha ya kila siku. Yasuke alijua Kijapani kiasi. Nobunaga hakuchoka kuzungumza naye. Alipenda nguvu zake na michezo midogo aliyoijua. Alimtuma kutembea katika muji wa Kyoto pamoja na mtu wa nyumba yake, ili wote wajue kwamba yuko chini ya ulinzi. Watu walianza kusema kwamba siku moja atafanywa bwana mwenye cheo.

Je, alikuwa samurai? Swali hilo limeleta ugomvi mkubwa kwenye intaneti tangu mchezo ulipotangazwa, na jibu linategemea maana ya neno. Katika miaka ya baadaye, samurai walikuwa tabaka lililofungwa: mtu alizaliwa ndani yake. Mwaka wa 1588 Toyotomi Hideyoshi aliwanyanganya wakulima panga zao, na mwaka wa 1591 alikataza watu kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine. Lakini Yasuke aliishi mbele ya amri hizo. Katika wakati wa Nobunaga mlango ulikuwa wazi bado. Hideyoshi mwenyewe alitoka katika nyumba ya watu wadogo, na akamaliza akitawala Japani nzima. Mtu mwenye kulipwa posho na bwana, mwenye nyumba na upanga kutoka kwake, na mwenye kumfuata katika safari za vita, alikuwa mtu wa vita wa nyumba hiyo. Kwa msingi huo wanahistoria wengi wanakubali kumwita samurai.

Wenye kukataa nao wana hoja zao. Hakuna andishi lenye kumwita samurai kwa neno lenyewe. Hakuna lenye kusema alipewa mashamba ao jina la ukoo. Hakuna lenye kumpa askari wa kuongoza. Muingereza William Adams, aliyefika Japani mwaka wa 1600 na kumtumikia Tokugawa Ieyasu, alipata shamba na cheo, na hayo yaliandikwa waziwazi. Kwa Yasuke, muda ulikuwa mfupi mno.

Safari ya mwisho pamoja na bwana wake

Masika ya mwaka wa 1582, jeshi la Oda lilimaliza ukoo wa Takeda. Nobunaga alikwenda kuona mwenyewe majimbo yaliyoshindwa, na alirudi akipitia inchi za rafiki yake Tokugawa Ieyasu. Yasuke alikuwa katika safari hiyo. Tunalijua jambo hilo kwa mtu wa tatu asiyekuwa padri wala mtumishi wa Oda: Matsudaira Ietada, askari wa upande wa Tokugawa, aliyeandika kila siku katika daftari lake. Mwezi wa tano 1582 aliandika kwamba amemwona mtu mweusi ambaye mapadri walimpa Nobunaga, mwenye kulipwa posho, mwenye mwili kama wino. Urefu alioandika ni zaidi ya mita 1 na sentimita 80, katika inchi ambako wanaume wengi hawakupita sana mita 1 na nusu. Na aliandika jina: Yasuke. 

Wakati huo Valignano hakuwako tena Japani. Alikuwa ameondoka Nagasaki mwezi wa pili, akipeleka vijana wanne Wajapani Ulaya kuonana na Papa. Yasuke hakuwa na mwingine wa kumtegemea isipokuwa Nobunaga.

Usiku wa Honnō-ji

Mwezi wa sita Nobunaga alifika Kyoto na watu wachache, akalala katika hekalu la Honnō-ji. Majeshi yake makubwa yalikuwa mbali, kila moja kwenye mpaka wake. Mmoja wa wakubwa wake wa vita, Akechi Mitsuhide, alikuwa ameamriwa kwenda kusaidia Hideyoshi magharibi. Badala ya kwenda huko, aligeuza jeshi lake lenye watu 13,000 hivi kuelekea Kyoto. Sababu ya uhaini wake inabishaniwa mpaka leo.

Mapambazuko ya tarehe 21, Honnō-ji lilikuwa limezungukwa. Kanisa la Wajezuiti lilikuwa karibu sana, na padri aliyekuwa akijitayarisha kwa misa ya asubuhi alisikia bunduki. Nobunaga alipigana, akajeruhiwa, akaingia ndani ya hekalu lililokuwa linaungua, na akajiua. Maiti yake haikupatikana. Alibakiza siku mbili tu kutimiza miaka 48.

Yasuke alikuwa pamoja na bwana wake, na alitoka akiwa hai. Angeweza kukimbilia kanisani, hatua chache kutoka pale. Barua ya Fróis inaonyesha kwamba alifanya kinyume chake. Alikwenda kwa mtoto wa kwanza wa Nobunaga, Oda Nobutada, aliyekuwa amejifunga katika jumba la Nijō, na akapigana huko muda mrefu. Nobutada naye alijiua. Vita ilipokwisha, mtu mmoja wa Akechi alimkaribia Yasuke, akamwambia asiogope na atoe upanga wake. Yasuke aliutoa.

Akechi Mitsuhide aliulizwa afanyiwe nini. Jibu lake, kama Wajezuiti walivyoliandika, lilikuwa la dharau: mtu huyo ni mnyama, hajui kitu, tena si Mjapani, basi asiuawe, apelekwe kwa mapadri. Wako wanaofikiri Mitsuhide alitafuta njia ya kumwachilia bila kuonekana mpole. Wengine wanaona ni matusi tu. Jambo moja liko wazi: mtu ambaye Nobunaga hakuchoka kuzungumza naye, na aliyejua Kijapani, Mitsuhide alisema hajui kitu. Kwa siku moja alishushwa kutoka mwenye upanga mpaka kuitwa mnyama, na dharau hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Alipelekwa kanisani. Mapadri walimshukuru Mungu kwamba hakuuawa. Siku chache baadaye Hideyoshi alimshinda Mitsuhide kule Yamazaki, na ngome ya Azuchi, fahari ya Nobunaga juu ya ziwa Biwa, iliteketea. Juu ya Yasuke hakuna neno tena. Mwaka wa 1584 barua za Wajezuiti zinataja Mwafrika aliyesaidia kupiga mizinga katika vita vya Kyūshū, lakini Waafrika wengine pia walifika Japani kwa meli za Wareno, na hakuna kinachoonyesha kwamba ni yeye. Alikufa wapi, lini, na kama alirudi kuona bahari ya kwao, hayakuandikwa.

Kutoka daftari mpaka skrini

Kwa muda mrefu Yasuke alibaki katika vitabu vya wataalamu. Mwaka wa 1968 mwandishi Mjapani Kurusu Yoshio alimwandikia watoto hadithi, Kuro-suke. Mwaka wa 2017 alionekana katika mchezo wa video wa Kijapani Nioh, kama mpiganaji wa kushindwa. Mwaka wa 2019 ilitangazwa kwamba mwigizaji Mmarekani Chadwick Boseman atamwigiza katika filamu, lakini Boseman alikufa mwaka uliofuata. Mwaka wa 2021 Netflix ilitoa katuni yenye jina lake, ikimchanganya na uchawi na mashine za kivita.

Assassin's Creed ilifika baada ya hao wote, lakini ndiyo iliyompeleka mbali zaidi. Mfululizo huo ulianza mwaka wa 2007 na umepitia vita vya msalaba, Italia, mapinduzi ya Ufaransa na Misri ya zamani. Kila mara mashujaa wakubwa walikuwa wa kubuni, na watu wa historia walipita pembeni. Kwa mara ya kwanza, katika mchezo mkubwa wa mfululizo huo, shujaa mwenyewe ni mtu aliyeishi. Shujaa wa pili, Naoe, msichana wa Iga anayepigana kwa siri, ni wa kubuni.

Kama mchezo, kazi ni nzuri. Mashujaa wawili wanachezwa kwa namna mbili tofauti kabisa. Naoe anapanda paa, anazima taa, anajificha gizani, na akikamatwa na watu wengi anakufa upesi. Yasuke hajui kujificha. Anaingia kwa mlango, na mlango ukifungwa anauvunja. Rungu lake la chuma, mkuki na bunduki vinatawanya askari wengi kwa mara moja, lakini ni mzito, na mahali ambapo Naoe anapanda bila shida yeye anashindwa. Majira manne ya mwaka yanabadilisha inchi: theluji inafunika paa, vidimbwi vinaganda, majani ya masika yanaficha njia. Sauti ya Yasuke ni ya mwigizaji wa Zimbabwe, Tongayi Chirisa, naye anamsemesha kwa upole na heshima, si kwa makelele.

Udhaifu nao uko. Mchezo ni mrefu kupita hadithi yake. Saa nyingi zinakwenda katika kutafuta majina kwenye orodha, kuua, na kurudi kutafuta mengine. Mashujaa wanawinda kundi la wakubwa wenye kuvaa vinyago, na mwindo huo unafanana na michezo mingine ya mfululizo. Baada ya saa 30, mchezaji anajua mbele ya wakati kitu atakachoombwa.

Kwa upande wa historia, mchezo umechukua vitu vya kweli: urefu, mapadri, Nobunaga, Honnō-ji. Kisha umeongeza. Unamweka Yasuke katika vita ya Nobunaga juu ya Iga, ambako hakuna andishi linalomwona. Unampa adui wa kulipiza kisasi na miaka ya mapigano baada ya 1582. Ndani yake Yasuke anaua watu mamia. Katika maandishi ya wakati ule, hakuna hata mtu mmoja anayetajwa kwamba ameuawa na mkono wake. Ni haki ya mtunga hadithi kuongeza, na mwezi wa saba 2024 Ubisoft yenyewe ilitoa tangazo kwa Wajapani ikisema kwamba mchezo ni hadithi ya kubuni, na kwamba usamurai wa Yasuke unabishaniwa.

Ugomvi haukuishia hapo. Kampuni iliomba radhi kwa kutumia bila ruhusa bendera ya kikundi cha Wajapani wanaoigiza vita vya Sekigahara. Mahali patakatifu pa kweli palionyeshwa katika mchezo, na swali lilifika mpaka bungeni Tokyo siku moja mbele ya mchezo kuuzwa. Marekebisho yalifanywa ili vitu vya madhabahu visivunjwe. Malalamiko hayo ya Wajapani yalikuwa na msingi. Mengine yaliyojaa mitandaoni yalikuwa hasira ya kumwona tu Mweusi katika nafasi ya heshima, na hayo maandishi ya 1581 yanayajibu yenyewe. Pamoja na yote, ndani ya wiki ya kwanza Ubisoft ilihesabu wachezaji zaidi ya milioni 3.

Kinachokosekana

Kosa la mchezo liko kwingine. Umefikiri kwamba ili Mwafrika huyo aheshimiwe, lazima aangushe ukuta na kukata vichwa. Maandishi yanaonyesha jambo gumu zaidi kuliko hilo. Mtu aliyeng'olewa kwao, aliyesafirishwa kupitia bahari mbili, aliyevuliwa nguo mbele ya wageni, alijifunza lugha yao akiwa mtu mzima. Aliisema vya kutosha mpaka bwana mwenye kuogopwa Japani nzima akapenda kukaa naye na kuongea. Na siku bwana huyo alipokufa, yeye ambaye hakuwa na deni kwa ukoo wa Oda alikwenda kumsimamia mtoto wake mpaka mwisho. Hayo hayahitaji kuongezewa kitu, na ndiyo ambayo mchezo unayapitia haraka kupita yote ili kurudi kwenye panga.

Kijana anayepata nafasi ya kuucheza asijinyime: ni mchezo wenye kupendeza, na umefanya jina la Yasuke lijulikane kuliko vitabu vya miaka 400. Ajue tu kwamba kila aliyemwandika Yasuke alikuwa mtu mwingine: mapadri wa Ulaya, mtumishi wa Nobunaga, askari wa Tokugawa, na sasa watengenezaji wa michezo wa Kanada, ambako mchezo ulitengenezwa. Yeye mwenyewe hakuacha hata mstari mmoja, wala jina aliloitwa nyumbani kwao.